Kabla ya Kubadili Meno ya Vipandikizi kwa Kauri: Uchambuzi kutoka Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao yake makuu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 katika wilaya zake tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Kwa walio wengi kati yao, huduma ya kinywa na meno maana yake ni kung'oa, pengine kuziba, na kwa mwenye uwezo kidogo, kutengenezewa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Wenye meno ya vipandikizi ni wachache sana, na karibu wote waliwekewa mbali na nyumbani. Mmoja alikwenda India kwa matibabu mengine akarudi na meno mapya, mwingine aliwekewa Dar es Salaam kabla ya kuhamishiwa Bariadi kikazi, na mwingine alilipiwa na ndugu aliyeko Nairobi.

Wachache hawa wana tatizo ambalo litawafikia wengine kadiri huduma hii inavyosogea kanda ya Ziwa. Miaka inapita, meno yale yanaanza kulika, kupasuka au kulegea, na ushauri wanaoupata ni mmoja: toa haya ya plastiki, weka ya kauri, hayo yatadumu maisha. Ushauri huo una ukweli, lakini ni nusu yake. Kauri inatibu udhaifu wa malighafi. Haitibu utambuzi mbovu, mzigo uliopangwa vibaya wala fizi iliyooza. Anayelipia kauri bila kujua meno ya kwanza yaliharibika kwa nini, analipia kuharibika kwa mara ya pili, kwa bei kubwa zaidi.

Kilichoharibika ni kipi?

Jino la kipandikizi lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kipandikizi chenyewe, skrubu ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya kushika nafasi ya mzizi. Ya pili ni kiungo, kipande kifupi kinachotokeza kwenye fizi. Ya tatu ni jino linaloonekana, nalo linaweza kuwa kofia ya jino moja, daraja la meno machache au safu nzima ya taya. Mgonjwa anaposema kipandikizi chake kimeharibika, mara nyingi kilichoharibika ni ile sehemu ya tatu, na mzizi wa titani bado umeshika imara.

Tofauti hii ndiyo msingi wa mambo yote yanayofuata. Mwaka 1965, mjini Göteborg nchini Sweden, Per-Ingvar Brånemark alimwekea vipandikizi vya titani Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Vipandikizi hivyo vilimtumikia kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 2006. Titani iliyoshikamana vizuri na mfupa inaweza kumaliza maisha ya mtu. Meno yaliyo juu yake hayana umri huo, kwa kuwa akriliki, yaani ile plastiki, husagika, porseleni humeguka na skrubu ndogo huchoka. Kwa hiyo kubadilisha meno ya juu ni sehemu ya kawaida ya maisha ya kipandikizi, na si ushahidi kwamba daktari wa kwanza alikosea.

Lakini mzizi wenyewe ukicheza ndani ya mfupa, hadithi inabadilika. Kipandikizi kinachocheza kimekwisha kazi na kinapaswa kutolewa. Kujenga kauri juu yake ni kupoteza fedha, hata kama jino litapendeza kwa miezi michache.

Sababu nne, tiba nne

Meno ya vipandikizi huharibika kwa njia nyingi, ila ukizipanga zinaingia katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni malighafi. Safu nyingi za taya nzima hutengenezwa kwa meno ya akriliki yaliyoshikizwa juu ya mhimili wa chuma. Akriliki ni nyepesi, nafuu na rahisi kurekebisha, lakini inalika, inafyonza rangi na harufu, na meno yake hubanduka moja moja. Ndani ya miaka kumi, safu ya namna hii mara nyingi huwa imehitaji matengenezo makubwa.

Kundi la pili ni mzigo. Jino la asili limening'inizwa kwenye mfupa kwa nyuzi laini zenye mishipa ya fahamu, na hubonyea mikroni 25 hadi 100 linapobanwa. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, hubonyea mikroni 3 hadi 5 tu, na mwenye nacho hahisi sawasawa ameuma kwa nguvu kiasi gani. Usukumani hilo si jambo dogo. Michembe mikavu (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa), miwa, mahindi ya kuchoma, mfupa wa mbuzi, na tabia ya kufungua soda kwa meno, vyote hivyo vinabana pale ambapo jino la asili lingemwonya mwenyewe aache. Ongeza mtu anayesaga meno usingizini bila kujijua, na safu nzuri inaweza kupasuka ndani ya mwaka mmoja.

Kundi la tatu ni usahihi wa kukaa. Daraja linapaswa kutulia juu ya vipandikizi vyote kwa pamoja bila kulazimishwa. Likiwa limepinda kidogo, skrubu zinalivuta kwa nguvu, nazo baadaye hulegea au kukatika. Mgonjwa husikia jino linacheza na kudhani kipandikizi kimeng'oka, kumbe ni skrubu tu.

Kundi la nne ni maambukizi. Ukoga ukiachwa kuzunguka kipandikizi, fizi huvimba na kutoa damu. Hatua hiyo ikipuuzwa, mfupa unaanza kuliwa. Wanaovuta sigara, wenye kisukari kisichodhibitiwa na waliopoteza meno yao ya asili kwa ugonjwa wa fizi wamo hatarini zaidi. Gundi ya kubandikia kofia iliyobaki chini ya fizi nayo huanzisha balaa hilo hilo.

Sasa pima kauri kwa makundi haya. La kwanza inalijibu vizuri. La nne inalipunguza kidogo, kwa sababu uso wake ukisuguliwa vizuri haushiki ukoga upesi kama akriliki. La tatu hailigusi kabisa. La pili inaweza hata kulizidisha: kauri ngumu haivunjiki kirahisi, lakini nguvu ile haipotei, inahamia kwenye skrubu, kwenye kiungo, au kwenye meno ya taya ya pili. Ndiyo maana swali la kwanza kwa daktari lisiwe bei ya kauri, liwe: haya ya sasa yameharibiwa na nini?

Kauri yenyewe ni nini

Watu wanasema kauri kana kwamba ni kitu kimoja, lakini nguvu zinatofautiana mno. Porseleni ya kawaida ya meno hustahimili mkazo wa kupinda wa megapaskali 100 au pungufu. Disilikati ya lithi, kauri ya kioo inayopendeza sana kwa jino moja la mbele, hufika karibu 400. Zirkonia ya aina iliyo imara hufika 900 hadi 1,200. Zirkonia zile zinazopitisha mwanga zaidi, zinazotangazwa kwa uzuri wake, hushuka hadi 500 au 700. Mwenye duka la meno akisema tu kwamba hii ni zirkonia, bado hajasema jambo la maana.

Zirkonia ni oksidi ya zirkoni, elementi iliyogunduliwa na Mjerumani Martin Heinrich Klaproth mwaka 1789. Siri ya nguvu yake ilielezwa mwaka 1975. Ufa unapoanza, chembe zilizo karibu nao hubadili umbo na kutanuka kwa takriban asilimia 4, zikaubana ufa usisonge mbele. Kwa hiyo inahimili mikikimikiki inayoweza kuvunja porseleni.

Utengenezaji wake unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo ndimo kudumu kunakotokea au kunakopotea. Fundi sanifu wa meno anaanza na kisahani cheupe kisichoiva, laini kama chaki zinazotengenezwa Maswa. Ukikikwaruza kwa ukucha kinaacha unga. Mashine inachonga meno kutoka kwenye kisahani hicho, lakini yanachongwa makubwa kuliko yanavyotakiwa, kwa sababu tanurini yatasinyaa kwa asilimia 20 hadi 25. Kisha yanaingia tanurini na joto linapandishwa polepole hadi takriban nyuzi 1,500 za Selsiasi, linashikiliwa hapo, halafu linashushwa taratibu. Kazi hiyo inachukua saa nyingi. Yanapotoka ni madogo, mazito, na hayachongeki tena ila kwa almasi.

Joto likipanda haraka, tanuri likiwa halijapimwa, au umeme ukikatika katikati, jino linaweza kutoka likionekana zima huku ndani likiwa dhaifu. Dunia ilijifunza hili kwa uchungu mwaka 2001, pale vichwa vya nyonga bandia vya zirkonia kutoka kiwanda kimoja cha Ufaransa vilipoanza kupasuka ndani ya miili ya wagonjwa. Malighafi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni tanuri. Maabara yoyote ya kanda ya Ziwa itakayotaka kuoka zirkonia haina budi kuanza na umeme wa akiba na ratiba ya kupima tanuri, kabla ya kununua mashine ya kuchongea.

Jambo la mwisho kuhusu malighafi ni porseleni inayopakwa juu. Mafundi wengi huvalisha zirkonia tabaka la porseleni ili ifanane na jino la asili. Tabaka hilo ndilo humeguka kwanza. Kwa meno ya nyuma ya mla michembe, kipande kizima cha zirkonia kilichosuguliwa hadi kung'aa ni salama zaidi, na kwa kuwa uso wake ni laini hakiyali sana meno ya asili yanayokutana nacho. Porseleni iachwe kwa upande wa mbele wa meno ya mbele, pale inapoonekana na haitafuni.

Kudumu na kurekebishika

Hapa ndipo mazingira ya Bariadi yanapobadilisha hesabu. Akriliki ikivunjika, fundi mwenye maabara ya kawaida anaweza kuirekebisha siku hiyo hiyo. Kipande kidogo cha zirkonia kikimeguka, kinaweza kulainishwa au kuzibwa mdomoni. Lakini safu ya zirkonia ikipasuka katikati, haiungwi. Inatengenezwa upya yote. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni gharama. Kwa mtu wa Mwanhuzi, Meatu, ni gharama, nauli, malazi, na msimu wa shamba uliosimama.

Malighafi inayodumu kuliko zote ndiyo isiyorekebishika kuliko zote, na anayeishi mbali na maabara lazima apime pande zote mbili. Kwa kofia ya jino moja au daraja fupi, kauri ya kipande kizima ni chaguo zuri. Ikiharibika, kinachorudiwa ni kidogo. Kwa safu ya taya nzima, zirkonia inafaa pale tu vipandikizi vinapotosha kubeba mzigo, mpangilio wa kuuma umejaribiwa, na faili la kompyuta la meno hayo limehifadhiwa ili safu nyingine iweze kuchongwa bila kuanza upya. Masharti hayo yasipotimia, akriliki bora juu ya mhimili wa chuma si aibu, ni busara.

Ipo njia ya tatu isiyosemwa vya kutosha. Mwaka 2002, wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja kwenye taya ya chini, meno ya kuvaa na kuvua yanayoshikwa na vipandikizi viwili yanapaswa kuwa chaguo la kwanza. Vifungo vyake vidogo hubadilishwa kwa dakika chache, mgonjwa huyavua na kuyasafisha mwenyewe, na yakivunjika hutengenezeka. Mzee wa Itilima ambaye safu yake ya kudumu imevunjika mara mbili anaweza kufaidika zaidi na njia hii kuliko na safu ya tatu, hata ikiwa ya zirkonia.

Maji, rangi na meno ya kahawia

Kuna jambo la Simiyu ambalo daktari wa mbali anaweza asilijue. Maji ya visima katika sehemu za Meatu na Maswa yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu kiwango kikubwa kuliko hicho, kwa sababu vyanzo mbadala havikuwepo. Watoto waliokunywa maji hayo meno yao yakiwa bado yanaumbika ndani ya taya walipata madoa ya kahawia ya kudumu, na wengine meno yanayomeguka.

Hili linagusa mjadala wetu mara mbili. Kwanza, fundi anayechagua rangi ya kauri kwa kitabu cha vivuli vya kiwandani atatoa jino jeupe lisilolingana na jirani zake. Picha nzuri ya meno yaliyobaki, iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana, itamsaidia fundi kuliko namba ya kivuli peke yake. Pili, na hili ni zito zaidi, wapo vijana wanaofikiria kung'oa meno ya kahawia yaliyo mazima ili waweke meupe ya kudumu. Wasifanye hivyo. Madoa yana tiba zake: kusugua, kung'arisha, kuziba kwa rangi ya jino, au kuvalisha gamba jembamba la kauri. Mzizi wa asili wenye nyuzi zake hauna mbadala unaoufikia. Kinga yenyewe iko kwenye maji, na ndiyo sababu mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Simiyu ni mradi wa meno pia, ingawa hauitwi hivyo.

Kazi inavyopaswa kwenda

Mgonjwa anayejua hatua za kazi hadanganyiki kirahisi. Kwanza ni picha ya mionzi, kuangalia kimo cha mfupa kuzunguka kila kipandikizi, ilinganishwe na picha ya zamani kama ipo. Kisha daktari anatoa zibo dogo juu ya jino, anafikia skrubu, anaifungua kwa bisibisi inayolingana na aina ile ya kipandikizi, na kuinua daraja lote. Hapo ndipo ukweli unapoonekana: harufu, ukoga mgumu uliojificha, fizi inayotoa damu, au skrubu iliyolika upande mmoja. Kila kipandikizi kinajaribiwa kimoja kimoja kama kinacheza.

Fizi ikiwa na ugonjwa, inatibiwa kwanza. Baada ya hapo vipimo vinachukuliwa upya, na mgonjwa anavaa meno ya majaribio ya plastiki kwa miezi kadhaa. Hatua hii watu wengi huiruka ili kuokoa muda, nayo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Meno ya majaribio yakivunjika, yameonyesha mahali mzigo ulipozidi, kwa bei ndogo. Yasipovunjika, umbo lile lile ndilo linalochongwa kwa zirkonia. Kauri inaunganishwa na kipandikizi kupitia pete ya titani, kwa kuwa zirkonia ikisuguana moja kwa moja na titani huila. Inafungwa kwa skrubu badala ya gundi kila inapowezekana, ili siku ya matengenezo ifunguke bila kuvunjwa. Anayesaga meno usingizini anapewa kinga ya kuvaa usiku. Na kila baada ya miezi sita au mwaka, anarudi kusafishwa na kukaguliwa.

Zaidi ya hayo yote, mgonjwa adai kadi. Duniani kuna mamia ya aina za vipandikizi, na skrubu ya aina moja haifungi nyingine. Kadi iandikwe kampuni, aina, kipenyo, urefu, namba ya toleo na tarehe. Bila kadi hiyo, daktari wa Mwanza aliyepokea mgonjwa aliyewekewa ng'ambo analazimika kubahatisha, na wakati mwingine vipandikizi vizima huachwa bila kazi kwa kukosa bisibisi.

Mkoa ufanye nini

Kwa mtu wa Bariadi, rufaa ya kawaida ni hospitali ya Bugando, kupitia Lamadi na Magu hadi Mwanza, na zaidi ya hapo Muhimbili, Dar es Salaam. Haitarajiwi kila hospitali ya wilaya iwe na mashine ya kuchonga zirkonia, wala haifai. Kinachowezekana ni kugawana kazi. Bariadi inaweza kufanya uchunguzi, picha, usafi, kukaza skrubu na ufuatiliaji. Vipimo vya kidijitali vinaweza kusafiri kwa intaneti, na meno yenyewe kurudi kwa basi. Upasuaji na kesi ngumu zibaki kwa mabingwa. Mgawanyo huo unahitaji daktari wa kinywa na meno anayekaa mkoani, na fundi sanifu wa meno aliyeajiriwa. Sheria ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi imeweka misingi ya usajili wa taaluma hizi, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina jukumu la kudhibiti vifaa vinavyoingia nchini. Vipandikizi na skrubu za bei poa zisizojulikana zilikotoka ziwe sehemu ya ukaguzi huo.

Kuna atakayeuliza kama mkoa wenye watoto wasio na mswaki una haki ya kuzungumzia zirkonia. Swali ni halali. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria watu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na mengi yanazuilika kwa dawa ya meno yenye floridi na kupunguza sukari. Fedha za umma ziende huko kwanza, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipimwe kwa namna itakavyomfikia mwenye jino bovu la kwanza, si mwenye kipandikizi. Lakini mambo haya hayapingani. Daktari anayejua kukagua fizi ya kipandikizi anajua kukagua fizi ya asili. Fundi anayepima tanuri la zirkonia atatengeneza pia meno bora ya akriliki kwa bibi wa Busega.

Tanzania ina rekodi katika hili. Katikati ya miaka ya 1980 ndipo ilipoanzia hapa nchini njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na leo inafundishwa duniani kote. Ilifaulu kwa sababu ilianza na hali halisi ya kijiji kabla ya kuchagua malighafi. Kauri nayo iingie Simiyu kwa utaratibu huo: chanzo cha uharibifu kijulikane, mzigo upimwe, fizi ipone, kadi iandikwe, na awepo mtu wa karibu wa kukaza skrubu ikilegea. Mgonjwa asiyehakikishiwa mambo hayo matano ana haki ya kukataa kulipa, na anayehakikishiwa anaweza kununua kauri yake kwa moyo mkunjufu.